Waya za Kupaa, Waya za Kutua

Mpaka leo nikiona uzi umelegea moyo unanichemka. Wateja wangu hapa Kitengela wanadhani ni ukali wa fundi anayependa kazi safi. Mzazi akiniletea sketi ya shule iliyoachia pindo namsikiliza kwa adabu, lakini akishatoka tu naiinua ile sketi dirishani na kuitazama kwa hasira isiyolingana na kosa lenyewe. Pindo halina hatia. Hasira yangu ni ya zamani, ya mwaka mmoja wa usichana wangu, na nilidhani nimeshaimaliza mpaka majuzi, tulipomzika Yeyo.

Yeyo ni mama yake Silantoi. Mimi hakunizaa, ila mwaka ule niliomaliza kidato cha nne nikawa nangoja nafasi ya chuo, nilikaa nyumbani kwake hapa Kitengela. Nilikula kwake, nikafua kwake, nikakaripiwa naye kama mtoto wake, na tangu hapo sikuweza kumwita kwa jina jingine ila hilo, la mama kwa Kimaasai. Silantoi wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Sasa ana watoto wake na nyumba yake Kajiado mjini, karibu na soko la mifugo, na baada ya mazishi aliamua kwamba baba yake hawezi kubaki peke yake. Akaja kuhamisha vitu. Kabla ya kuondoka alipita dukani kwangu akiwa na katoni ya mafuta ya kupikia iliyofungwa kwa kamba.

"Dada, hii ni yako," akasema. "Papa amesema nikupatie wewe ama nichome."

"Amesema uchome?"

"Si unamjua. Amesema hivyo, halafu asubuhi yote ananiuliza kama nimeibeba vizuri."

Sikuhitaji kuifungua ili kujua kilichomo. Niliisogeza chini ya meza ya kukatia nguo nikaiacha hapo mpaka jioni, nikiipiga teke kwa bahati mbaya kila nilipovuta kiti. Nilipoifungua hatimaye, ile ndege ndogo ya mbao ilikuwa vile vile nilivyoiacha. Ilikuwa na urefu wa mkono wangu, na mabawa mawili, moja juu ya jingine kama vitanda vya bweni, na kati yao nguzo nyembamba za mbao. Kila nguzo ilikuwa na vitundu vidogo juu na chini, vya kupitishia uzi, na vitundu vyote vilikuwa vitupu. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikavitazama, nikaona nimekasirika upya kana kwamba ni jana.

Nyumba ya Yeyo wakati huo ilikuwa ya mabati, upande wa pili wa barabara ya Namanga. Kitengela yenyewe ilikuwa maduka machache na vumbi la malori, na asubuhi ungeweza kuona nyumbu ng'ambo ya ua wakila kama ng'ombe wa jirani. Sebule ilipakwa rangi ya buluu mpaka usawa wa kiuno. Viti vilivikwa vitambaa vyeupe alivyovifuma Yeyo mwenyewe, na katikati palikuwa na meza kubwa, fahari yake, meza pekee ya maana katika nyumba ile. Mwaka mzima hatukula juu yake hata siku moja. Ndege ilikuwa imekaa hapo, imezungukwa na chupa za gundi, viwembe, pini na vipande vya mbao, na ole wako uweke kikombe. Tulikula sahani zikiwa mapajani, ugali na sukuma, maharagwe, siku nyingine nyama ya mbuzi yenye mchuzi uliotiririka mpaka kwenye gauni. "Hii nyumba iko na mgeni," Yeyo alikuwa akisema huku akipuliza chai. "Amekalia meza yangu, hali, haendi." Mwenye ndege alikuwa anatafuna huku macho yake yakiwa juu ya bawa.

Mwenye ndege ni Papa, mume wa Yeyo. Alikuwa fundi wa ndege Nairobi kwa miaka mingi, zile ndege ndogo zinazopeleka wageni mbugani, na alikuwa amerudi nyumbani ghafla kabla ya umri wa kustaafu. Alituambia amechoka na wakubwa. Tuliamini, kwa sababu Papa alikuwa mtu wa kuchoka na wakubwa. Ndege aliyokuwa akiichonga ni ya aina ile aliyofundishiwa kazi akiwa kijana, ndege ya zamani iliyokuwa karakanani kwao, na kila sehemu yake aliikumbuka kama mchungaji anavyokumbuka ng'ombe wa baba yake. Mbao alizitoa kwenye masanduku ya matunda, akazilainisha mpaka zikawa nyembamba kama kucha. Alichokosa ni vidole vya kufungia uzi. Vyake vilikuwa vinene, vimekakamaa kwa spana na grisi. Akanitazama mimi niliyejua kushona, akasema, "Nashipae, lete hivyo vidole vyako."

Jina langu kwa Kimaasai ni mwenye furaha. Papa alilitumia mwaka ule kunitania kila nilipofura. "Nashipae, furaha iko wapi leo?" Nami nilikuwa nimeinama juu ya bawa, shingo inauma, jasho linaingia jichoni, nafunga fundo dogo kuliko punje ya mtama, naye amesimama nyuma yangu anapumua. Nikimaliza, alichukua kioo chake cha kukuzia, akatazama, akakunja uso. Halafu akasema maneno ambayo niliyachukia kuliko matusi: "Toa. Funga upya."

Alinieleza mapema kwa nini uzi ni jambo kubwa. Ndege ya mabawa mawili, alisema, si mbao inayoibeba, ni waya. Kati ya nguzo na nguzo kuna waya mbili zinazopishana. Moja ni ya kupaa, ndiyo inayoshika bawa lisivunjike kwenda juu ndege ikiwa hewani. Ya pili ni ya kutua, ndiyo inayolishika lisianguke chini ndege ikiwa imesimama. Moja ikilegea, nyingine inabeba mzigo usio wake. Karakanani kwao fundi hakuamini jicho tu. Alipita na kidole, akaidonoa kila waya kama mtu anayepiga zeze, akasikiliza. Iliyolegea ilijisema yenyewe. Kwa hiyo uzi wetu ulipaswa kunyooka na kukaza, lakini pia uwe mwembamba kabisa. "Hii ndege ikikuwa kubwa ya ukweli," aliniambia siku ya kwanza, akiinua uzi wangu wa cherehani, "hii waya yako itakuwa nene kama mguu wa mbuzi. Rubani atakufa kwa aibu."

Tulianza na uzi wa cherehani kwa sababu ndio uliokuwepo. Chini ya kioo cha Papa ule uzi uliota manyoya. Sikuwahi kujua kwamba uzi una manyoya. Tukaupaka nta, tukaupitisha kwenye mwali wa mshumaa manyoya yaungue, na kwa siku chache ulipendeza. Kisha malori yakapita, kama yalivyopita kila siku, vumbi likaingia chini ya mlango, nta ikalishika. Mwisho wa mwezi zile waya zilikuwa nyekundu na nene kama kamba za kuanikia nguo baada ya upepo wa Agosti. Toa. Funga upya.

Nikatumwa dukani kwa Bi Halima, mama wa Kisomali aliyeuza vitambaa, nyuzi na shanga karibu na stendi. Alinitolea nailoni nyembamba, ile wanawake wanayotungia shanga. "Hii haikatiki," akanihakikishia. "Ni ya kazi gani?"

"Ya ndege."

Bi Halima alinitazama juu mpaka chini. "Ya ndege," akarudia, akamgeukia mteja mwingine. Sikumlaumu.

Kweli haikukatika. Ila ilikuwa na kiburi. Ilitaka kujikunja vile ilivyokuwa imekunjwa kwenye kibao chake, mafundo yake yaliteleza hata kwa gundi, na ilimetameta kama nyuzi za buibui. Mbaya zaidi, asubuhi ilikuwa imekaza vizuri, na saa saba mchana, mabati yakishapata moto, ilikuwa imening'inia. Papa alikuwa anaamka alfajiri, anadonoa, anatabasamu, na baada ya chakula cha mchana anadonoa tena na kukunja uso. Tulijaribu singa za mkia wa ng'ombe wa Yeyo, na tangu siku hiyo ng'ombe yule alinikwepa. Zilikuwa nene shinani na nyembamba nchani, na ngumu, hazikukubali fundo. Siku moja nilichoka kabisa, nikaenda kwa fundi wa viatu nikaleta uzi wake mweusi uliopakwa nta, uzi mnene wa kushonea soli, nikautupa mezani. "Huu haulegei, Papa. Huu hauna manyoya. Tumalize." Aliuchukua kwa ncha mbili za vidole kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akautupa nje ya dirisha, na kuku mmoja akakimbia nao mpaka kwa jirani.

Nilidhani ni mkaidi tu. Nilidhani tuna muda wote wa dunia na kwamba yeye ameamua kuutumia kunitesa. Hayo yalibadilika alasiri moja nikiwa jikoni nasafisha kibuyu cha maziwa. Jiko liligawanywa na chumba chao kwa ubao usiofika juu, na wao hawakujua nimerudi kutoka kisimani.

"Umwambie," sauti ya Yeyo ilisema. "Huyo mtoto anajua wewe ni mtu mbaya."

"Wacha ajue hivyo."

"Daktari alisema nini?"

"Si nilikuambia. Hiyo presha ya macho haina kurudi nyuma. Kile kimeenda kimeenda. Pembeni sioni kitu tena. Nikiangalia wewe, naona wewe tu, hiyo mlango sioni. Kwa kazi niliacha kabla waniache. Mtu haendi kufunga injini na hii macho."

"Sasa hiyo ndege ni ya nini?"

"Nataka nione moja," Papa alisema. "Moja tu imefungwa vizuri, yote, kabla ifunge. Halafu hata ikifunga, sawa."

Nilisimama na kibuyu mkononi, na nitasema ukweli: jambo la kwanza nililolisikia si huruma. Nilikasirika zaidi. Nilimkasirikia yeye kwa kunificha, nikamkasirikia Yeyo, nikaukasirikia uzi wa dunia nzima. Huruma ilikuja baadaye, usoni kwangu ikaonekana kama bidii. Kuanzia siku hiyo aliposema nitoe, nilitoa bila kupumua kwa sauti. Aliposema "Nashipae, furaha iko wapi?" nilijibu iko njiani. Sikumwambia nilichosikia. Tulifanya kazi meza moja, sote wawili tukijua habari ya macho yake na hakuna aliyeitaja, na wakati ulikuwa unapungua kama maji ya tangi wakati wa kiangazi.

Wazo la kano lilikuwa lake, nalo lilitoka utotoni. Wazee huku kwetu walishonea ngozi kwa nyuzi za kano, zile zinazotolewa mgongoni mwa mbuzi, zikakaushwa, zikapasuliwa kwa ukucha mpaka zikawa nyembamba kama unywele. Yeyo alikuwa na kipande kwenye kisanduku chake cha shanga. Papa alikichukua, akakipasua, akatia ule uzi mdomoni akautafuna ulainike, akausokota pajani. Alipoushika dirishani sote tulisogea. Haukuwa na manyoya. Haukumetameta. Ulikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia, rangi ya waya wa chuma hasa. "Ndiyo hii," alisema. Sijawahi kusikia mtu akisema maneno mawili kwa furaha namna ile.

Tulifunga ndege nzima Jumamosi ile. Yeyo aliacha kila kitu akaja kutafuna nasi, sisi watatu tumekaa tumezunguka meza, midomo inatafuna kano kama yule mbuzi ambaye mgongo wake ndio tuliokuwa tunautumia, na tulicheka mpaka Silantoi akaamka. Nilifunga waya za kupaa, nikafunga za kutua, na kila moja Papa aliipitisha kioo na kusema, "Acha." Acha. Acha. Jioni akasema hatadonoa bado, tuache zikauke, atadonoa kesho baada ya kanisa, kwa utulivu.

Jumapili tulivaa vizuri. Yeyo alivaa gauni lake la buluu na soksi zile ndefu za kike, nyembamba, ambazo alizivaa kwa ibada tu na kuzifua kwa mkono taratibu kama anaosha mtoto. Mahubiri yalikuwa marefu na jua lilikuwa kali. Tuliporudi, Papa alitangulia kuingia. Tulimkuta amesimama mbele ya meza na kofia bado mkononi. Bawa la juu lilikuwa limevutwa chini mpaka likagusa lile la chini, nguzo zimepasuka, mkia umepinda upande, na ndege yote imejikunyata kama mtu mwenye maumivu ya tumbo.

Kano likikauka linakaza. Sasa, nani kati yetu hakulijua hilo? Papa alilijua tangu akichunga. Ndiyo sababu watu walifungia nalo ala ya sime, likiwa bichi, ili likikauka liibane isitoke milele. Yeyo alilijua, mimi nililijua. Ila lilipowekwa kwenye ndege tuliisahau tabia yake, kana kwamba ndege ni mambo ya wageni na kano letu likienda huko litakaa kwa adabu. Mzungu asingefanya kosa lile kwa sababu asingefikiria kano. Sisi tulilifanya kwa mikono yetu na midomo yetu, tukicheka.

Papa hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa, akala chakula chake sahani ikiwa pajani, na Yeyo akakaa karibu naye, miguu yake imenyooshwa ndani ya zile soksi. Kuhusu soksi hizo nitasema tena.

Alichonga mabawa mapya. Ilichukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza, akijikata vidole, akipapasa kiwembe kilichokuwa mbele yake. Mvua zikaja, vumbi likawa tope. Asubuhi moja mabawa yalikuwa yamesimama tena, na mimi nilikuwa nimetoka kununua uzi mwingine kwa Bi Halima, bado haujafunguliwa, uko mfukoni mwa sweta langu. Nilimkuta Papa ameinama juu ya meza na kioo chake. Alifikiri nilianza kazi jana yake jioni, kama nilivyokuwa nimeahidi. Alisogeza kioo polepole kati ya bawa na bawa.

"Huu ni mzuri," akasema. "Huu ni mwembamba. Huu uacheni."

Hapakuwa na uzi wowote. Nilimtazama Yeyo aliyekuwa mlangoni na birika, naye akanitazama. Sijui tungekaa hivyo mpaka lini, lakini Papa alikuwa fundi, na fundi haamini jicho tu. Alinyoosha kidole adonoe. Kidole kikapita hewani, kikapita tena, kikagusa nguzo. Alikirudisha taratibu. Akaweka kioo mezani, akaanza kukusanya vitu vyake, chupa moja moja, kiwembe kimoja kimoja, akapapasa kutafuta kifuniko cha gundi mpaka nikampa mkononi. "Mama Silantoi," akasema, "mezani ni kwako sasa." Mchana ule tulikula mezani. Yeyo alikuwa ameingojea meza yake mwaka mzima, na hakumaliza chakula chake.

Nafasi ya chuo ikapatikana, nikaenda Kajiado kusomea ushonaji, nikarudi Kitengela, nikafungua duka. Kitengela ikakua, nyumbu wakaondoka, maghorofa yakaja. Nilikuwa nikiwatembelea Papa na Yeyo siku za sikukuu, na ndege ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kanga. Hatukuitaja. Macho ya Papa yalikuwa yamekwisha kabisa, na kwa kila kitu kingine alikuwa mzima na mbishi. Lakini kila niliposhika uzi mpya dukani, wa aina yoyote, niliuinua dirishani kwanza. Miaka yote hiyo nimekuwa nautafuta bila kukiri kwamba nautafuta.

Nao nimeupata wiki chache zilizopita, baada ya katoni ile kuja, kwa namna inayoniudhi mpaka sasa. Msichana wa jirani aliacha soksi zake ndefu dukani, zimechanika, akisema nizitupe. Nilivuta uzi uliotoka kwenye tundu. Ulinyooka, ukarudi. Nikauvuta tena. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele, mweusi, hauna manyoya, unanyumbuka kidogo tu, kiasi kwamba ukiukaza hauvunji kitu, na joto likija haulegei kwa sababu unajivuta wenyewe. Nilikaa chini. Nikakumbuka miguu ya Yeyo Jumapili ile, imenyooshwa kando ya ndege iliyovunjika. Tulikuwa tumetafuta kwa Bi Halima, kwa fundi wa viatu, kwenye mkia wa ng'ombe na mgongo wa mbuzi, na uzi wenyewe ulikuwa umevaliwa kanisani. Nililia kwa hasira. Nilitamani kumwambia Yeyo, tucheke pamoja, na Yeyo alikuwa ardhini.

Niliifunga ndege kwa majuma kadhaa, miwani puani, baada ya wateja kwisha. Haikukosea popote. Nilipoweka taa nyuma yake, zile waya zilionekana kama zilichorwa kwa kalamu. Niliitazama nikajua kwamba hii ndiyo ile aliyotaka kuiona, moja tu, imefungwa yote. Nikaifunga kwa shuka nikaipeleka Kajiado.

Ilikuwa siku ya soko. Ng'ombe walikuwa wanalia mpaka sebuleni kwa Silantoi. Papa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha, kikombe cha chai mkononi. Niliinama mbele yake kama tunavyofundishwa tangu utoto, mwanamke mzima wa umri wangu, na yeye akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa changu.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko, Papa," nikaitikia salamu.

"Nashipae. Furaha iko wapi?"

"Nimekuja nayo," nikasema, nikamwekea ndege mapajani.

Hakuuliza ni nini. Mikono yake ilijua. Ilianzia puani, ikapita kwenye kiwiliwili, ikapanda bawa la juu, ikashuka na nguzo, na midomo yake ilikuwa inataja kila sehemu bila sauti. Kisha akanyoosha kidole kimoja na kukipitisha kati ya mabawa. Kikapita. Akakirudisha, akapitisha tena. Uso ukakunjika.

"Mbona haujafunga waya?"

"Ziko, Papa. Ziko zote."

"Usinidanganye. Niko na vidole."

Nilimshika kile kidole nikakiweka juu ya uzi. Ulikubali mguso wake, ukanyumbuka, ukamwacha apite. Ngozi yake ilikuwa imekufa miaka mingi kwa vyuma na grisi, na ule uzi, ule mwembamba kuliko yote, haukuwa kitu juu yake. Silantoi akainama, akasema, "Ziko, Papa. Zinakaa poa sana, kama za kweli."

"Basi ni zenu nyinyi mnaona," Papa akasema, akageuza uso dirishani.

Sina maneno ya hasira niliyoisikia. Nilikuwa nimeutafuta uzi huo nusu ya maisha yangu. Nilitoka nje bila kuvaa viatu vizuri, nikavuka barabara kati ya mbuzi na watu wa mnada, nikamkuta fundi mmoja wa viatu kwenye kibanda chake karibu na stendi. Nilirudi na uzi mweusi wa nta, mnene, wa kushonea soli. Nikakaa sakafuni mbele ya Papa, nikamchukulia ndege, nikatoa mkasi kwenye mkoba, nikaanza kukata.

"Dada! Unaiharibu!" Silantoi alishika kichwa. "Ilikuwa safi hivyo!"

"Niletee sindano kubwa," nikamwambia.

Nilipanua vitundu kwa ncha ya mkasi na nikapitisha ule uzi mnene. Ulikuwa mbaya. Ulikuwa kama kamba za kitanda cha kulalia ndama. Chai ikapoa, Silantoi akaleta nyingine, nayo ikapoa. Nilifunga waya za kupaa, nikafunga za kutua, nikavuta kwa uangalifu nguzo zisije zikalia. Papa alikuwa anasikiliza. Nilipomaliza nilimrudishia mapajani.

Akapitisha kidole. Kikagonga. Alikisimamisha hapo hapo. Kisha akaidonoa, na ikalia, sauti ndogo kavu. Akaenda ya pili. "Ya kupaa," akasema kwa sauti. Akadonoa. "Ya kutua." Akadonoa. Akaendelea hivyo bawa lote la kulia, ya kupaa, ya kutua, akiinamisha sikio, na uso wake ulifunguka kama nilivyouona Jumamosi ile tu tulipotafuna kano. "Huu uzi ni mnene," akasema bila kuacha kudonoa. "Rubani atakufa kwa aibu."

"Ndiyo, Papa."

Akahamia bawa la kushoto. Ya kupaa. Ya kutua. Akafika ile ya nyuma kabisa, karibu na mkia, akaidonoa, nayo ikatoa sauti nzito ya uvivu. Akaidonoa tena. Uso ule wa zamani ukarudi, wote, na kunjo zake zote.

"Nashipae."

"Naam, Papa."

"Hii imelegea. Toa. Funga upya."

Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka kidevuni. Nikashika mkasi, nikakata.